Uchumi Umekua kwa Nani?

Kila zinapotangazwa hesabu za Taifa na kuonyesha kwamba uchumi umekua, sisi tunafurahi pamoja na wananchi wote. Nchi isiyozalisha haina cha kugawa. Lakini ni wajibu wetu kuuliza swali la pili: umekua kwa nani?

Wako wanaotuambia tungoje. Hutegemea maandishi ya mwaka 1955 ya Simon Kuznets, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliyeona kwamba tofauti ya mapato huzidi nchi inapoanza kuendelea, kisha hupungua baadaye. Husahau kwamba Kuznets mwenyewe alikiri kuwa sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikuwa makisio.

Natuitazame Taiwan. Mwaka 1949 serikali ya kisiwa hicho ilikataza mwenye shamba kumtoza mkulima kodi inayozidi asilimia 37.5 ya zao kuu. Mwaka 1953 ikachukua mashamba yaliyozidi kiwango, ikawalipa wenyewe, na kuwauzia wakulima waliokuwa wakiyalima. Katika miaka iliyofuata uchumi ulikua upesi, na tofauti ya mapato ikapungua. Basi kungoja si sharti la maendeleo.

Sasa tujitazame wenyewe. Kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18, uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Katika muda huo, wananchi walioshindwa kupata mahitaji ya lazima walipungua kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu, na kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini ilizidi. Sababu haikufichika. Ujenzi, usafirishaji na mawasiliano vilikwenda mbio, na kilimo, kinachobeba wananchi walio wengi, kikafuata nyuma.

Hatudai nchi ipunguze mwendo. Tunadai nguvu ya Taifa ielekezwe waliko wengi: mbegu bora, maji ya mashambani, barabara za vijijini, na mshahara wa kima cha chini uangaliwe kila bei zinapopanda.

Mgawo wa haki hauanguki kama mvua. Hupangwa na watu. Kwa hiyo kila mwanachama aulize katika mkutano wa tawi lake: fedha hizi zinamfikia nani? Na asiondoke kabla ya kujibiwa.