Kesi ya mtoto haimalizwi kwa mbuzi

Mwaka 2013, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, karibu na mpaka ambao wengi wetu tunaupitia na mizigo, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kuumizwa vibaya. Washukiwa watatu walifikishwa polisi. Adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kudai haki, na mwaka 2015 mahakama ikawafunga watu watatu miaka 15 kila mmoja.

Mei mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kuwa polisi walivunja haki za wasichana kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa.

Ni rahisi kuwalaumu polisi tu. Lakini kesi nyingi hufia nyumbani kabla ya kufika kituoni. Mtoto akisema, huulizwa kwanza kama hadanganyi. Mama huambiwa anyamaze asivunje ukoo. Wazee hukaa, mbuzi na fedha hutajwa, na usiku mtuhumiwa hupandishwa basi kuvuka mpaka. Huku watu husema yamekwisha. Kule anakokwenda hakuna anayejua historia yake, na anapokelewa katika nyumba nyingine yenye watoto.

Sisi wafanyabiashara twajua kusuluhisha deni. Mtu akishindwa kulipa mahindi, tunakaa, tunapunguza, tunapeana mikono. Dhuluma kwa mtoto si deni la baba wala la mjomba, hivyo hawana cha kusamehe kwa niaba yake. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 hairuhusu hata polisi kuamua kuifuta kesi ya namna hii. Tanzania, anayembaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha.

Najua kinachowafunga wengi midomo. Mtuhumiwa aweza kuwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, aliyekukopesha mtaji, au anayebaki na watoto ukiwa safarini siku tatu. Kumshtaki kwaweza kukugharimu biashara. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini tusimtwishe mtoto.

Akikuambia, msikilize bila kumhoji kama hakimu. Usimwogeshe wala kufua nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72. Toa ripoti polisi na udai fomu, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya. Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Rwanda ziko huduma za Isange, ambako daktari, polisi na ushauri hupatikana mahali pamoja. Ukiwa Kenya, Uganda au Tanzania, piga 116.

Vyama vyetu vya mipakani hukutana kujadili ushuru na foleni. Viweke pia ajenda hii: mwanachama akisikia mtuhumiwa amevushwa, awaarifu polisi wa pande zote mbili. Habari za bei ya vitunguu huvuka mpaka kabla ya jua kuchwa. Na hizi pia zivuke.