Fedha za Samoni ni Deni, si Fadhila

Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu, dume, ndiye aliyefika ziwa Redfish katika milima ya Idaho, Marekani, mahali ambapo zamani walifika kwa maelfu kutaga mayai. Samaki huyu huzaliwa huko juu, huteremka hadi Bahari ya Pasifiki, kisha hurudi akipanda kilometa zipatazo 1,450 na kuvuka mabwawa manane ya umeme katika mito Columbia na Snake. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imemtangaza kuwa hatarini kutoweka.

Tangu hapo fedha nyingi zimetumika kuwakuza vifaranga na kuwatengenezea samaki njia za kupita. Sheria ya 1980 inalitaka shirika la umma linalouza umeme wa mabwawa hayo lifidie madhara yaliyowapata samaki, na hivyo mteja wa umeme naye huchangia. Wapo wanaouliza: mabilioni ya dola kwa samaki, wakati watu wana shida? Swali hilo tusilidharau, hasa likiulizwa na mtu anayeelemewa na bili.

Lakini hesabu yake inaanza katikati. Mwaka 1855 viongozi wa Wayakama, Wanez Perce na makabila jirani walitia sahihi mikataba na serikali. Waliachia sehemu kubwa ya ardhi yao, wakabakiza haki ya kuvua mahali walipozoea. Ardhi ilichukuliwa mara moja. Mwaka 1957 bwawa la The Dalles likayazamisha maporomoko ya Celilo, walipovua mababu zao kwa maelfu ya miaka. Haki ya kuvua katika mto usio na samaki ni haki gani? Aliyechukua shamba bila kumaliza kulilipia hawezi kusema anamfadhili mwenye shamba.

Mwaka 2001 maaskofu Wakatoliki wa bonde la Columbia, wa Marekani na Kanada, waliandika waraka wa kichungaji kuhusu utunzaji wa uumbaji na mafao ya wote. Katika hao "wote" wamo pia wakulima wa ngano, wanaosafirisha mazao yao kwa matishari kutoka bandari ya Lewiston. Mabwawa manne ya mto Snake yakiondolewa, matishari hayatafika. Kuwabebesha wao peke yao gharama hiyo ni kuhamisha dhuluma tu. Ndiyo maana tulivutiwa na Mike Simpson, mbunge wa Idaho wa chama cha Republican, alipopendekeza mwaka 2021 dola bilioni 33.5 za kuyaondoa mabwawa hayo na kuwafidia wakulima, bandari na watumiaji wa umeme. Pendekezo halikupita.

Desemba 2023 serikali kuu iliahidi zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya samaki na makabila ya bonde hilo. Juni 2025 Rais Donald Trump aliiondoa serikali katika makubaliano hayo. Kuhusu mabwawa, watu wema wanaweza kutofautiana, na mjadala uendelee. Fungu la samaki lisisubiri mjadala huo uishe. Bunge lilirudishe katika bajeti ijayo.