M ya Mume, M ya Mke

Mfugaji wa Chewele, kule Tana River, akipewa fomu na kuambiwa achague M au F, ana haki ya kucheka. Hiyo M kwa Kiingereza ni mume. Lakini kwetu mume aanza kwa M, na mke naye aanza kwa M. Na hiyo F je? Aliyekulia zizini atajibu upesi kuwa ni fahali. Na fahali, wasomaji wapenzi, hajazaa tangu dunia kuumbwa.

Kiswahili chetu hakina makuu katika jambo hili. Mtu husema "amekuja", na bibi aliye ndani hajui ajifunike au asijifunike mpaka achungulie dirishani. Kutenga mudhakari na muanathi tulifunzwa chuoni, katika Kiarabu: te marbuta mwishoni mwa neno, nukta zake mbili kama vipuli masikioni. Lakini neno "khalifa" nalo lina te hiyo hiyo, wala hakuna aliyemwambia Khalifa avae buibui. Naam, herufi si mtu.

Siku hizi herufi za Kizungu, L, G, B na T, zimekuwa mzaha wa baraza. Wacheshi husema kila mwaka yaongezwa moja, na zikimalizika Wazungu watakuja kutuazima alifu na be. Ubishi wa mapenzi na tabia una mahali pake. Lakini katika safu hiyo mna herufi I, na mwenyewe ni jirani yetu wa tangu zamani: huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ni ya kiume au ya kike. Yeye hakufuata mtindo wa mtu. Alizaliwa hivyo.

Mwaka 2009 mtoto kama huyo alizaliwa Nairobi, na hospitalini, penye nafasi ya jinsia, pakatiwa alama ya kuuliza. Hata herufi hakupewa! Kesi ilifika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2014 ikataka hatua zichukuliwe aandikishwe. Sensa ya 2019 ikawahesabu watu 1,524 wa namna hiyo nchini Kenya, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto hao na haki yao ya kutendewa kwa heshima.

Serikali imechelewa, mafakihi waliwahi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, huntha asiyebainika hanyimwi urithi. Hupewa lile la yakini, na lenye shaka husimamishwa mpaka hali yake ijulikane. Wanazuoni walioketi kumpigia hesabu ya mirathi hawakumwona kuwa ni laana wala kichekesho. Walimwona mrithi, mwenye haki mbele ya Mola wake.

Yasikitisha basi kwamba wako wazazi wanaomficha mtoto wa namna hii kwa kuogopa vicheko vyetu. Mtoto aliyefichwa hapati cheti. Asiye na cheti hutaabika kupata kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapigi kura.

Tuzicheke herufi, ni halali yetu. Mtu tusimcheke. Wahenga walituonya tusitukane wakunga. Na Chewele, kama Lamu na Mombasa, uzazi ungalipo.