Crusoe Hakujitegemea

Tangu Daniel Defoe alipochapisha Robinson Crusoe jijini London mwaka 1719, watu wamemfanya baharia huyu kielelezo cha kujitegemea: katupwa kisiwani mikono mitupu, na baada ya miaka 28 ana ngome, mifugo na mashamba. Hadithi hiyo haimo kitabuni.

Katika siku 13 za kwanza Crusoe anakwenda mara 11 kwenye merikebu iliyokwama. Anateremsha mikate, mchele, jibini, bunduki, mapipa ya baruti, matanga, kamba, vishoka kwa dazeni, jiwe la kunolea, na sanduku la seremala, ambalo kwake lina thamani kuliko shehena ya dhahabu. Seremala amekufa maji. Vifaa vyake ndivyo vinavyojenga. Hata shayiri yake ya kwanza ilichipua kutokana na mabaki ya chakula cha kuku cha melini, aliyoyakung'uta chini bila kujua.

Sikatai kwamba alihenyeka. Mtu anayetumia siku 42 kutengeneza ubao mmoja si mvivu. Lakini shoka lake alilifua nani? Mwenyewe anakiri kwamba bila vitu vya merikebu angeishi kama mnyama, kama asingekufa njaa. Ni sisi wasomaji tulioamua kutosikia. Naye Alexander Selkirk, baharia wa kweli aliyeachwa visiwa vya Juan Fernández mwaka 1704, alishuka na bunduki, baruti na shoka, akawinda mbuzi walioletwa na Wahispania. Kumtupia kijana asiye na mtaji mfano wa watu hawa, kisha kumwita mzembe akishindwa, ni dhuluma.

Na lipo zito zaidi, ambalo wanaomsifu Crusoe hulipita kimya. Merikebu ile ilikuwa inatoka Brazil kwenda pwani ya Guinea kuchukua Waafrika kwa magendo, wakatumikishwe katika mashamba yake na ya wenzake. Kabla ya hapo alishamuuza Xury, mvulana aliyetoroka naye utumwani katika mji wa Sale, kwa vipande 60 vya fedha. Alipompata Ijumaa, mtumishi wake kisiwani, alimpa jina hilo, kisha akamfundisha kumwita Bwana. Na utajiri aliorudi kuukuta Ulaya haukutoka kisiwani hata kidogo. Ulitoka shamba la Brazil, ambalo watumwa waliendelea kulilima miaka yote ambayo yeye hakuwapo.