Kiinua mgongo cha mama na bati la geji 30

Haya wasomaji wangu, leo siasa zipumzike kidogo. Nimetoka Kigamboni, jua limenipiga kisawasawa, na kichwani nina jambo moja tu: bati. Usicheke. Kama una kiwanja, au una mzazi mwenye boma lililofika lenta, jambo hili litakufikia na wewe.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Kiinua mgongo chake kiligawanyika mara mbili. Nusu ililipa madeni na ada za wadogo zangu, nusu ikaingia kwenye nyumba ya vyumba vitatu, mahali ambapo upepo ukivuma kutoka baharini unaonja chumvi mdomoni. Boma limesimama. Kumebaki kupaua, na pesa iliyopo ni ya kupaua mara moja tu, si mara mbili. Hilo naomba ulishike, maana hoja yangu yote imekaa hapo.

Fundi alileta karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mabati mekundu ya geji 30, mtindo wa vigae, paa lenye vichwa vinne na kona kibao. Ya pili ilikuwa paa lile lile, ila kwa geji 28. Tofauti ya bei ilikuwa sawa na tangi la maji na milango miwili ya ndani. "Mama, chukua hii ya kwanza, mji mzima wanapaua hii," akasema. Mama akanigeukia mimi, msomi wa familia, mtu wa magazeti. Nikababaika. Naweza kukueleza bajeti ya serikali inavyopitishwa bungeni, lakini geji ni kitu gani sikujua!

Basi nikafanya kazi ninayolipwa kuifanya: kuuliza watu.

Kwanza, namba za geji zinakwenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, geji 28 ni kama milimita 0.4 na geji 30 ni kama milimita 0.3. Unaweza kusema sehemu moja ya kumi ya milimita ni kitu gani? Ni robo nzima ya chuma! Chukua bati la mita 3 lililokatwa kwenye koili ya upana wa mita 1. La milimita 0.4 lina chuma cha kilo 9 na ushee, la milimita 0.3 lina kama kilo 7. Fundi akilikanyaga vibaya lile jembamba linabonyea, na penye bonde maji yanatuama.

Pili, namba ya kwenye stika si lazima iwe namba ya kwenye bati. Niliazima mikromita kwa jamaa mmoja wa karakana nikazunguka nayo madukani. Duka moja, bati lililoandikwa geji 30 lilisoma milimita 0.25, tena pamoja na rangi! Nikamwonyesha muuzaji. Akatabasamu: "Mdogo wangu, hiyo ndiyo geji 30 ya siku hizi." Jamani! Kwa hiyo ukienda dukani usiulize geji, uliza milimita. Tena uliza kama ni unene wa chuma chenyewe au unene pamoja na rangi, maana hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote: kinachozuia kutu si unene peke yake, ni kile chuma kilichovishwa. Mabati ya zamani yalivishwa zinki tupu. Siku hizi mengi yanavishwa aluzinki, mchanganyiko ambao asilimia 55 yake ni alumini, karibu yote iliyobaki ni zinki, na silikoni kidogo. Kiasi chake kinapimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Bati lenye gramu 150 na lenye gramu 50 yanaweza kupakwa rangi moja, yakawekwa kwenye rafu moja, na wewe usijue. Karibu na bahari, hizo gramu ndizo umri wa paa lako.

Sasa maoni yangu, na mkinipinga sawa tu. Naona tunabishania swali lisilo sahihi. Tunauliza "la bei rahisi au la bei ghali?" wakati ghali ipo ya aina mbili. Kuna ghali ya kuonekana: umbo la vigae, vichwa vingi, kona nyingi, na sasa hivi yale mapaa ya kujificha nyuma ya ukuta. Halafu kuna ghali isiyoonekana: chuma kinene, gramu za aluzinki, misumari yenye mipira mizuri, fundi anayekata bati kwa mkasi badala ya grainda. Grainda inaunguza kile kilichovishwa pale pale ilipopita, na cheche zake zikidondokea bati zinageuka vidoa vya kutu. Wengi wetu tunalipia ghali ya kwanza kisha tunabana matumizi kwenye ya pili. Yaani tunanunua suti ya harusi tunavaa na kandambili.

Sisemi kila mtu akimbilie geji 28. Mjomba wangu yuko Dodoma, mbali na chumvi, na geji 30 ya kweli yenye aluzinki ya kutosha inamfaa kabisa. Kibanda cha biashara utakachokibomoa baada ya miaka michache hakihitaji bati la kurithisha wajukuu. Na hiyo "waranti ya miaka 15" unayopigiwa kelele dukani, omba karatasi uisome. Uliza kama inahusu nyumba iliyo karibu na bahari, na kama inalinda rangi tu au hata bati likitoboka.

Nilirudi kwa mama na daftari langu nikiwa nimejaa hoja. Nikamwambia achukue geji 28, bila rangi, liwe linang'aa tu, tena linarudisha joto la jua. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, nimekaa nyumba za shule na nyumba za kupanga maisha yangu yote. Nataka mtu akishuka kwenye daladala aone paa langu jekundu."

Hapo mikromita haikunisaidia. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa sababu ya yeye kujenga.

Tukakaa chini na fundi, tukachora upya. Wekundu umebaki. Vichwa vinne vimekwenda, tumerudi kwenye mgongo wa tembo, pande mbili tu, maji yanashuka moja kwa moja. Kona zilipoondoka ziliondoka na mbao za kenchi, kofia, na vipande vya bati ambavyo vingekatwa na kutupwa. Alichookoa mama kimelipa karibu tofauti yote ya geji 28. Milango ya ndani itasubiri kidogo, pazia zitafanya kazi. Fundi alinuna siku moja, akasema paa hilo ni la kizamani. Mama akamjibu kwamba na yeye ni wa kizamani.

Mabati yanakuja Jumamosi. Nitakuwepo getini na mikromita yangu, nitapima moja moja kabla hayajashuka kwenye gari. Wataniona msumbufu, najua. Lakini ile ni miaka yote ya chaki mikononi mwa mama yangu, na sitaki ivuje.