Huzuni ya Asubuhi, Matembezi ya Jioni

Mkaazi wa Unguja anaijua ratiba hii kwa ghibu. Asubuhi kikundi cha wanafunzi wageni hupelekwa Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Huinamisha vichwa mbele ya sanamu za watu waliotiwa minyororo shingoni, hupiga picha, kisha huondoka. Jioni wako Forodhani, pweza mkononi, wanacheka.

Wapo wanaolikemea jambo hili, wakisema kwamba kicheko cha jioni kinayatukana machozi ya asubuhi. Lawama hiyo imekosea shabaha. Matanga yenyewe yana sufuria jikoni, na aliyetoka maziarani hukaa akala na wenziwe; hakuna aliyemwita mnafiki. Kosa haliko kwenye pweza. Kosa liko kwenye ukuta uliojengwa baina ya asubuhi na jioni. Ratiba humfundisha kijana kwamba historia imefungiwa katika ua wenye mlango na tiketi, na kwamba mji uliobaki ni wa miguu na macho tu.

Hukumu hiyo iwapate pia Watanzania wanaposafiri. Ziara za vijana kwenda Ujerumani, kwa mkono wa ushirikiano wa shule, vyuo na makanisa, si jambo geni. Na achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa Kihesa, kata ya mji wa Iringa. Anafika Berlin. Asubuhi anapitishwa baina ya nguzo 2,711 za saruji, ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya, uliofunguliwa mwaka 2005. Mchana ni lango la Brandenburg, makumbusho na maduka. Huzuni imekwisha saa sita.

Huzuni ya penye nguzo zile imepewa heshima inayoistahiki, na hakuna mwenye haki ya kuipunguza. Lakini jirani tu na hapo, katika barabara ya Wilhelmstraße, ndipo iliposimama nyumba ya Bismarck ambamo mataifa makubwa yalikaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, yakiwekeana kanuni za kuigawana Afrika. Nyumba haipo tena. Mwanafunzi wa Kihesa anapita hapo akitafuta aiskrimu, wala hakuna anayemshika mkono kumwambia: simama.

Anapelekwa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe kustaajabia mifupa ya dinosaria, iliyosimama kwa zaidi ya mita 13. Hiyo imeandikwa upande wa burudani. Kumbe mifupa ile ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini, katika nchi iliyokuwa haijapoa na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Je, hiyo ni burudani au ni tanzia? Katika Neukölln ipo barabara iliyobeba jina la Wissmann, jemadari aliyeivunja vita ya Abushiri. Mwaka 2021 ikapewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika. Vita hiyo ndiyo aliyoitungia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ni vijana wangapi hupanda ndege kwenda Berlin wakiwa wameusoma? Na ni wangapi wanajua kwamba katika miaka ya 1890 Mzanzibari Amur bin Nasur alikuwa akifundisha Kiswahili katika mji huo huo?

Mwenye ratiba atajitetea kwamba siku ni chache na vijana ni vijana. Utetezi huo haufai kitu. Hakuna siku inayoombwa kuongezwa. Barabara ni zile zile, makumbusho ni yale yale. Kinachotakiwa ni ulimi wa kuyaeleza. Wala ulimi huo hauanzi Berlin.

Unaanza nyumbani. Kutoka Kihesa hadi Kalenga ni kilomita kama 20. Hapo pana fuvu la Mkwawa, ambaye watu wake walikishinda kikosi cha Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na aliyejiua mwaka 1898 ili asitekwe. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Kijana aliyesimama mbele ya kabati lile, akahesabu miaka 35 iliyopita baina ya ahadi na marejeo, hawezi kutembea Berlin kama mtalii mtupu. Atauliza: na wengine wako wapi?

Swali hilo lina jibu, nalo ni zito. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki. 202 kati yake yalihusishwa na Tanzania. Wanafunzi wanaporandaranda madukani huenda wanapita karibu na babu zao, na ratiba haina hata dakika moja ya kuwatolea salamu. Kwa watu ambao maiti asiyezikwa huwanyima usingizi, huo ni utovu wa adabu.

Basi vijana na waende, na kila safari ianzie Kalenga kabla ya kufika uwanja wa ndege. Wale, wacheke, wanunue viatu. Mji ni wa kutembelewa. Ila pasiwe na kiongozi wa kuwaambia kwamba huzuni imekwisha na sasa ni matembezi, kwani barabara wanayoikanyaga na mifupa wanayoistaajabia ni ya msiba huo huo.