Tumaini Lililoandikiwa Hati

Neno "natumaini" ni miongoni mwa maneno tuyaandikayo mara nyingi. Barua huanza nalo: "Natumaini u mzima." Karani hulitumia aombapo kazi, na mkulima hulitamka atazamapo mawingu. Lakini mara nyingi maana yetu ni kwamba twatamani tu. Atamaniye hatoi kitu; hungoja. Wahenga walituonya juu ya kungoja kwa namna hiyo waliposema kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini.

Tumaini linenwalo katika Biblia ni jambo jingine. Juma hili na tulitazame katika habari ya mtu aliyenunua shamba, iliyomo katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 32.

Ilikuwa kama mwaka 587 kabla ya Kristo. Majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, yalikuwa yameuzunguka mji wa Yerusalemu. Ndani ya mji mlikuwa na njaa na maradhi. Nje, adui alikuwa amekwisha kuinua maboma ya udongo karibu na kuta. Nabii Yeremia alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi, kwa sababu alisema waziwazi kwamba mji utatekwa.

Siku hizo ndipo alipojiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, akamtaka anunue shamba lake huko Anathothi, kijiji cha kwao, kama kilomita 5 kutoka Yerusalemu. Kwa sheria ya Waisraeli, jamaa wa karibu ndiye aliyekuwa na haki ya kulikomboa. Wewe ujuaye thamani ya ardhi, fikiri kidogo. Nchi ilikuwa imejaa askari wa adui, na mnunuzi mwenyewe alikuwa mfungwa. Nani angetoa hata senti moja?

Yeremia alitoa shekeli 17 za fedha, yaani karibu gramu 200, akazipima katika mizani. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, wala hakuacha hata sharti moja. Hati zilikuwa mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi. Akazikabidhi kwa Baruku mwandishi mbele ya watu wote, akamwamuru azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Chombo cha namna hiyo si cha kudharauliwa. Mwaka 1947, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana maandiko yaliyohifadhiwa katika mitungi ya udongo kwa muda wa kama miaka 2,000.

Hapa pana fundisho la kwanza: tumaini la kweli halikani msiba. Miaka michache kabla ya hayo, mtu aitwaye Hanania alitangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika muda wa miaka miwili. Yeremia, kwa upande wake, aliwaandikia wale waliokwisha kuhamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba na kupanda bustani, kwa kuwa itakuwa miaka 70. Neno la Hanania lilikuwa tamu, nalo likawa uongo. Yeye aliyesema mji utaanguka ndiye aliyenunua shamba.

Fundisho la pili: tumaini halimkatazi mtu kuuliza. Baada ya kukabidhi hati, Yeremia alimwomba Mungu kwa mshangao: maboma ya adui yale yaonekana, nawe waniambia ninunue shamba? Angalieni utaratibu wake. Kwanza alilipa, ndipo akauliza. Wengi wetu twataka kujibiwa kwanza. Naye akajibiwa kwamba siku itakuja ambapo mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Mwishowe ulikuwaje? Mji ulianguka, na hekalu likateketezwa. Yeremia alichukuliwa na wenzake mpaka Misri, na kitabu hakisemi kwamba alirudi wala kwamba alikula mavuno ya shamba lile. Lakini mwaka 539 kabla ya Kristo, Babeli yenyewe ilitekwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, naye akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Orodha ya waliorudi imo katika Kitabu cha Ezra, sura ya 2, imeandikwa kijiji kwa kijiji kama daftari ya karani. Kati ya hesabu hizo mna mstari mfupi ambao msomaji huupita upesi: watu wa Anathothi walikuwa 128.

Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba mtu hakitumaini kitu anachokwisha kukiona. Mkristo, amtumainiye Kristo aliyefufuka, ni kama mwenye hati ambayo siku yake haijafika. Lakini hati hainunuliwi kwa maneno. Mwaka wa ukame, mama mwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko aijua vita hii: watoto wana njaa, na mbegu zi juu ya kichwa chake. Akizishusha ili kuwaponya, mtu asimhukumu. Lakini akiweza kubakiza chache hata mvua inyeshe, huyo amelitenda tumaini bila kulitaja.

Basi, ndugu msomaji, utakapoandika tena katika barua yako "natumaini", weka kalamu chini kidogo ujiulize: Nimelipa nini kwa ajili ya tumaini hili? Na hati yake nimeiweka wapi, ili wajao baada yangu waione?